Mchezo wa Chui: Nilioupenda, Nikautupa, Nikaurudia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti lenu la shule, niseme maneno machache juu ya jambo ambalo nasikia limewagawanya wanafunzi wenu, na ambalo kwa hakika limeigawanya hata nyumba yangu.

Mjukuu wangu ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu shuleni hapa. Mwezi uliopita alinijia baada ya sala ya isha, akaniamkia, kisha akasema, "Babu, chama chetu cha maigizo kinataka kucheza mchezo wa Kisomali wa zamani, mchezo uliojaa nyimbo. Baadhi ya wenzetu wanasema ni haramu. Wengine wanatucheka kwa kuuliza. Wewe watoka huko, tuambie." Nikamwuliza ni mchezo gani. Akanitajia jina lake, nami nikanyamaza kitambo, kwa sababu mchezo huo nilikuwa naujua kwa moyo nilipokuwa na umri wake, na ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini tangu nilipoapa kutousikia tena.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawaujui, nitaeleza. Mchezo wenyewe huitwa Shabeelnaagood, maana yake ni kama kusema "Chui kati ya Wanawake". Aliyeutunga ni Hassan Sheikh Mumin, mtu wa Borama huko kaskazini, naye alifariki mwaka 2008. Ulichezwa kwanza Mogadishu mwaka 1968, katika Jumba la Michezo la Taifa lililojengwa mwaka 1967 kwa msaada wa Wachina. Wakati huo Kisomali kilikuwa bado hakijapata maandishi rasmi. Hayo yalikuja mwaka 1972. Basi wachezaji walijifunza kwa masikio. Nyimbo na mashairi yalishikwa neno kwa neno, na mazungumzo ya kawaida mchezaji aliweza kuyatengeneza mwenyewe papo hapo. Baadaye mwanachuoni wa London, B. W. Andrzejewski, aliyaandika maneno yake kutoka katika kanda za sauti na kuyafasiri kwa Kiingereza, na kitabu hicho kilitoka mwaka 1974.

Habari yake ni hii. Kuna mwanamume aitwaye Shabeel, yaani Chui, ambaye huwawinda wanawake. Silaha yake ni maneno matamu. Humwendea msichana jina lake Shallaayo, na jina hilo lina maana ya majuto, akamchukua kwa ndoa ambayo si ndoa, ndoa ya hila tupu, kisha akamwacha na aibu yake. Ndani ya mchezo wanaume na wanawake hujibizana kwa nyimbo na mashairi juu ya mambo ya dunia mpya na nani wa kulaumiwa.

Mimi nilizaliwa Chula, mojawapo ya visiwa vyetu vya Wabajuni vilivyojipanga mfano wa shanga kutoka Kismayu kwenda kusini. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nyumbani tulisema Kibajuni, na nyimbo tulizozijua zilikuwa za harusi, za kuvuta mashua, na vave, zile nyimbo ambazo wakulima wetu huziimba wakati wa kuchoma mashamba. Nilipofika umri wa kusoma nikapelekwa Kismayu kwa ami yangu. Ami alikuwa na redio, na redio ya Mogadishu ilikuwa ikitangaza michezo ya namna hii. Watu walikuwa wakikusanyika barazani usiku, wazee mbele, watoto nyuma, na wanawake nyuma ya dirisha. Huko ndiko nilikojifunza Kisomali kizuri. Mwalimu wangu alikuwa Chui.

Mwaka 1975, nilipokuwa na miaka kumi na sita, tulijaribu kuucheza mchezo ule wenyewe, vijana wa mtaa, katika uwanja nyuma ya nyumba ya ami. Kijana mmoja alivaa buibui la dada yake akawa Shallaayo. Mimi nikawa Chui. Nataka niseme ukweli: katika maisha yangu sijapata kushangiliwa kama nilivyoshangiliwa usiku ule. Nilitembea kwa madaha, nikageuza sauti, nikafanya ulimi wangu kuwa asali, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapana aliyenichukia. Kwa muda wa mwaka mzima watu waliniita Chui, nami niliitika kwa furaha.

Katika mtaa ule kulikuwa na msichana ambaye alinipita umri kwa miaka michache. Mgeni mmoja alifika mjini, akakaa miezi, akamchumbia kwa siri. Wakaoana, au yeye alidhani wameoana. Hapakuwa na walii, na wale walioitwa mashahidi walikuwa marafiki wa yule bwana ambao hapana aliyewajua. Kisha mgeni akasafiri, wala hakurudi. Tumbo lilipoonekana mji mzima ulijua. Nasi vijana, alipopita kwenda kuteka maji, tukaimba zile nyimbo za Chui. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa kubwa na maneno niliyajua yote.

Siku moja alitua ndoo yake, akanitazama, akasema, "Wewe wauimba tu, ndugu yangu. Huusikii." Akajitwika ndoo akaenda zake. Hazikupita siku nyingi jamaa zake wakamhamisha kisiwani, wala sikumwona tena. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nakumbuka kwamba usiku ule sikulala vizuri.

Mwaka 1991 serikali ikaanguka na vita vikatufikia. Sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki wala kabila kubwa la kutulinda. Tuliporwa mashua, nyavu na nyumba. Mwaka 1992 tulikimbia kwa jahazi mpaka Mombasa, nikakaa kambi ya Jomvu na jamaa zangu. Katika mzigo wangu mdogo mlikuwa na kanda saba, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mchezo ule. Pale kambini palikuwa na mtu aliyetufundisha dini, mtu mwema kwangu kwa mambo mengi, naye alituambia kwamba balaa limetushukia kwa sababu ya nyimbo na upuuzi. Mtu aliyepoteza kila kitu hutafuta sababu, na sababu hii ilikuwa karibu. Nikamkumbuka yule msichana na ndoo yake, nikasema kweli, nyimbo ndizo zilizonipoteza. Nikazichoma kanda zote saba. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hapakupigwa nyimbo, hata siku ya harusi ya binti yangu, naye mpaka leo hajasahau.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2008 wapiganaji wa Al-Shabaab waliuteka mji wa Kismayu, nao waliushika mpaka mwaka 2012. Katika sehemu walizozitawala walipiga marufuku muziki na sinema. Mwaka 2010 kundi jingine la namna hiyo liliziamuru stesheni za redio za Mogadishu ziache muziki, hata baadhi yake zikatangaza habari zikitanguliwa na milio ya bunduki au sauti za vyura badala ya nyimbo. Kwa mtu kama mimi, aliyechoma kanda zake mwenyewe, ingefaa nifurahi. Nilisema moyoni, labda sasa mji wangu utatakasika.

Lakini mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 2008, katika uwanja wa michezo wa Kismayu, mbele ya watu wengi, msichana mmoja alipigwa mawe mpaka akafa. Waliomhukumu walisema amezini. Shirika la Amnesty International lilichunguza likatangaza kwamba alikuwa mtoto wa miaka 13, na kwamba kosa lake lilikuwa kwenda kushitaki kwamba wanaume watatu walimnajisi kwa nguvu. Wanaume hao hawakukamatwa. Aliyeshitaki ndiye aliyeuawa.

Wasomaji wapenzi, mimi si mwanachuoni, lakini nimesoma chuoni kama watoto wote wa pwani. Najua kwamba dini yetu haimtii hatiani mtu aliyetezwa nguvu. Najua kwamba kushuhudia zina kwataka mashahidi wanne, na kwamba anayemsingizia mwanamke bila mashahidi hao ndiye anayestahili adhabu. Basi watu wale, waliouondoa muziki wote mjini kwa jina la dini, waliipindua dini yenyewe palipokuwa na roho ya mtoto. Mji wangu ulikuwa kimya, hapana wimbo hata mmoja, na dhambi kubwa kuliko zote nilizozisikia katika umri wangu ikafanywa katika ukimya ule. Nikafahamu kwamba nilikosea hesabu yangu. Kanda nilizichoma, lakini Chui hakuwa ndani ya kanda.

Hata hivyo sikurudi kuusikiliza mchezo. Kiburi cha mzee ni kigumu. Ilikuwa mpaka mwezi uliopita, mjukuu wangu aliponiletea simu yake, akanisikilizisha, nami nikamfasiria kidogo kidogo. Tulikaa usiku tatu. Na haya ndiyo niliyoyasikia, ambayo katika ujana sikuyasikia.

Kwanza, Chui si shujaa. Mimi ndiye niliyemfanya shujaa kwa madaha yangu. Maneno yake ni matamu kwa sababu mtunzi alitaka tujue jinsi uongo unavyosikika ukiwa mpya. Uongo wenye harufu mbaya haumdanganyi mtu.

Pili, mchezo hauidhihaki dini, kama wanavyosema baadhi ya wazazi. Unamfichua mtu anayeitumia. Baba yangu alikuwa akivua kasa kwa taza, yule samaki mwenye kunata kichwani. Wavuvi wetu humfunga taza kamba mkiani, wakamwachilia karibu na kasa. Taza hujibandika, na kasa huvutwa pole pole mpaka mashuani. Kasa haogopi, kwa sababu amezoea kuishi na samaki wa namna hiyo. Haioni kamba. Neno "ndoa" katika kinywa cha Chui ni taza. Msichana aliyelelewa vizuri hawezi kuliogopa neno hilo, kwani ni neno la heshima alilolisikia tangu utoto. Kamba iko nyuma, mkononi mwa mwingine. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria yetu ya Kishafii, inayofuatwa pwani yote na kwa Wasomali pia, haikuweka walii na mashahidi wawili katika ndoa kwa ajili ya kuwachosha vijana. Iliweka ili kamba ionekane. Ndoa inayokimbia macho ya watu ina sababu ya kukimbia. Hili ndilo fundisho la mchezo ule, nalo laweza kusemwa msikitini bila kubadilishwa neno. Tofauti ni kwamba msikitini wengi wetu husinzia.

Tatu, nilimsikia Shallaayo. Katika ujana wangu, sehemu zake ndizo tulizozikata ili mchezo uwe mfupi. Sasa naona kwamba bila yeye mchezo hauna maana. Yeye hulia na kueleza, na msikilizaji hulazimika kukaa kitako na kumsikiliza mtu ambaye mtaani angempita. Yule dada wa ndoo hakupewa hata dakika moja ya kusema. Mtoto wa Kismayu alisema, na kusema kwake kukawa hatia.

Nimelizungumza jambo hili na jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye ni Mkristo. Nilidhani ni sisi Waislamu tu wenye taabu hii. Akacheka. Akaniambia kwamba katika ujana wake aliipenda sana sinema ya nyimbo iitwayo The Sound of Music, ya mwaka 1965, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa mwaka 1959. Ni habari ya msichana wa Austria aliyekuwa akijifunza utawa, kisha akaacha akaolewa na mjane mwenye watoto saba. Alipookoka alijiona ana hatia, akasema je, huu si wimbo wa kumsifu mtu aliyemwacha Mungu? Akaacha kuitazama miaka mingi. Alipoitazama tena uzeeni aliona jambo ambalo hakuliona mwanzo: mkuu wa watawa mwenyewe ndiye anayemwambia msichana yule asiifanye nyumba ya watawa kuwa mahali pa kujificha, bali akaitafute kazi aliyoumbiwa. "Nilikuwa nikitazama nguo za watawa," akaniambia, "sikuangalia waliyoyasema." Nikamjibu kwamba basi sisi wawili tumesoma darasa moja, ila madawati mbalimbali.

Sasa nije kwa hoja za wanaokataa, kwa maana ni watu wa heshima na baadhi yao ni rafiki zangu. Wanasema muziki ni haramu. Ninajua kwamba wako wanavyuoni wanaosema hivyo. Lakini wako pia waliosema vingine. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye vitabu vyake vinasomwa pwani hii mpaka leo, aliandika mlango mzima juu ya kusikiliza nyimbo, naye hakuzikataza zote; alitazama zinaimbwa nini, wapi, na zinaamsha nini katika moyo wa msikilizaji. Hiyo ndiyo njia ninayoifuata mimi.

Wanasema pia kwamba mchezo ni wa kidunia, hauna sala wala mawaidha. Ni kweli. Mchezo si msikiti, wala kanisa, na anayeutafutia kazi hiyo ataona upungufu wake mara moja. Waweza kukuonyesha ugonjwa. Dawa utaitafuta kwingine. Lakini mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa haendi kwa tabibu.

Na wanasema kwamba vijana watamwiga Chui. Hoja hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu mimi ni ushahidi wake. Niliimba, nikashangiliwa, na nyimbo zile zile nikazifanya mawe ya kumpigia mtu aliyekwisha kuumizwa. Siwezi kusema kwamba mchezo hauna hatari. Nasema tu kwamba hatari haitoki kwa kuusikia, hutoka kwa kuuimba bila kuusikia.

Kwa hiyo shauri langu kwa chama cha maigizo ni kwamba mchezo uchezwe, lakini kwa masharti. Sehemu za Shallaayo zisikatwe hata kidogo, hata kama watu wa nyuma wanapiga miayo. Anayecheza Chui asipewe nafasi ya kurudi jukwaani kushangiliwa mwishoni. Na arudi Shallaayo. Mazoezi yasigongane na sala, na mwanafunzi ambaye dhamiri yake haimruhusu asilazimishwe wala asichekwe. Na mchezo ukiisha, taa ziwashwe, wasichana na wavulana wakae na mwalimu waulizane: kamba ilikuwa wapi? Nani aliiona? Kwa nini hakusema? Maswali hayo yatawafaa kuliko makofi.

Lile Jumba la Michezo la Mogadishu lilifungwa kwa vita mwaka 1991. Lilifunguliwa tena mwezi wa Machi mwaka 2012, na haukupita mwezi likalipuliwa kwa bomu na watu wakafa. Mwaka 2021 likaonyesha filamu tena, mara ya kwanza baada ya miaka thelathini. Watu walilipa nauli na kiingilio, wakapita mbele ya askari, ili wakae kwenye viti na kutazama. Ninyi mna ukumbi wa shule, mna amani, na hapana anayewatisha isipokuwa wazee wenye mashaka kama mimi. Utumieni vizuri.

Mjukuu wangu ameniomba nije siku ya mchezo, nami nimekubali. Nitakaa nyuma. Kuna mtu mmoja ambaye ningependa awe karibu nami usiku huo, lakini sijui kama vita vilimwacha hai, au yuko pwani ya nchi gani. Ikiwa gazeti hili kwa bahati litamfikia, au litamfikia mtoto aliyemzaa peke yake, namwomba radhi kwa nyimbo nilizomwimbia njiani akienda kuteka maji. Alisema kweli. Nimechukua miaka hamsini kuusikia.

Ndimi,
Mzazi wa Kibajuni